Boksi la kufurikia kwenye tangi la samaki: likigoma, tafuta hewa kwanza

Boksi la kufurikia ni kile kisanduku kinachokaa kwenye ukingo wa tangi la samaki, chenye meno kama ya kitana, kinachopokea maji ya juu na kuyashusha kwenye tangi la chini lililofichwa ndani ya kabati. Huko chini maji yanachujwa, halafu pampu inayapandisha tena. Wengi hudhani boksi linavuta maji. Halivuti. Linameza kinachozidi tu: pampu ikileta lita moja, lita moja inapita juu ya meno. Ukishalishika hilo, nusu ya matatizo yaliyoandikwa hapa utayagundua mwenyewe kabla hujampigia fundi.

Yapo ya aina mbili. Kuna la kioo kilichotobolewa, ambapo bomba linapita kwenye tundu moja kwa moja. Na kuna la kuning'iniza: visanduku viwili, kimoja ndani ya tangi na kingine nje, vikiunganishwa na bomba la umbo la U lililopinduliwa na kupita juu ya ukingo. Maji yanavuka kwa sifoni, mvuto uleule wa kuhamisha petroli kwa mpira kutoka gari moja kwenda dumu. Wengi wetu tuna hili la pili, kwa sababu wazo la tangi la chini lilitujia tangi kuu likiwa tayari limejaa samaki, na hakuna anayetaka kupeleka kekee kwenye kioo chenye lita 300 za maji. Kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Kila boksi likinisumbua huwa najiuliza maswali mawili: hewa iko wapi, na maji yamesimama kimo gani? Sijawahi kukutana na tatizo la boksi lisiloangukia kwenye moja ya hayo, ukitoa gundi mbaya, ambayo nayo tutaifikia.

Chomoa plagi uangalie

Kabla hujanunua wala kukata kitu, tandika taulo sakafuni, bandika kipande cha tepu kwenye kioo usawa wa maji, kisha chomoa plagi ya pampu ya kurudishia. Simama hapo hapo.

Maji ya tangi kuu yanatakiwa yashuke hadi chini ya meno, yasimame. Ya tangi la chini yapande, yasimame kabla ya kufika ukingoni. Ndani ya visanduku vyote viwili lazima yabaki maji, na miguu yote miwili ya bomba la U iwe imezama. Ngoja dakika kumi, rudisha plagi. Dakika mbili tatu zikipita maji yawe yamerudi kwenye ile tepu. Yakiipita na kuendelea kupanda, chomoa haraka. Umeshapata jibu, na umelipata ukiwa macho na taulo mkononi.

Jambo la pili ni kupima pampu. Namba iliyochapwa kwenye kasha lake ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Ikishaanza kusukuma maji kutoka kabatini hadi juu ya tangi, mita moja na kitu, inapungua sana, na zile ndogo unaweza kukuta zimebaki nusu. Elekeza bomba la kurudishia kwenye ndoo ya lita 10, ukiiweka ndoo usawa wa juu wa tangi, na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 20, pampu yako inaleta lita 1,800 kwa saa. Iandike mahali, maana fundi yeyote anayekuuzia boksi bila kukuuliza namba hiyo anakisia.

Umeme ulikatika, ukarudi, maji yako sakafuni

Hili ndilo linalowafanya watu wauze tangi. Mimi lilinikuta nikiishi ghorofa ya pili. Umeme ulikatika saa tano usiku, ukarudi karibu na alfajiri, mimi nimelala. Kilichoniamsha ni mlango. Jirani wa chini alikuwa amesimama na ndoo tupu mkononi. "Kaka, samahani kukuamsha. Kwako kuna bomba limepasuka? Kwangu dari inadondosha maji." Hakukuwa na bomba lililopasuka. Pampu ilikuwa imewaka yenyewe na kuendelea na kazi yake vizuri kabisa, ikipandisha maji tangi kuu. Bomba la U ndilo lilikuwa kimya. Mgongo wake umejaa hewa, halivuki hata tone.

Bomba hilo linabeba maji kwa sharti moja: lijae maji tupu. Hewa ikikusanyika juu ya mgongo, maji ya upande huu hayayashiki tena ya upande ule. Wakati pampu inakwenda huenda usione chochote, kwa kuwa maji yanapita chini ya kipovu kikubwa kama gari linalopita chini ya daraja. Umeme ukikatika mwendo unasimama, na ukirudi sifoni haina nguvu ya kuanza upya.

Hewa hiyo inaingia kwa njia nne, na nazipanga kwa jinsi nilivyozikuta mara nyingi.

Kwanza, maji yanakwenda taratibu mno ndani ya bomba. Maji ya tangi yana hewa iliyoyeyuka, na kule juu mgongoni shinikizo ni dogo kuliko la hewa ya chumbani, hivyo vipovu vinajitenga. Maji yenye kasi yanavikokota na kuvitupa upande wa nje. Yanayojikokota yenyewe yanaviacha. Hapa ndipo watu wenye nia njema wanajiharibia: wanaongeza bomba la U la pili "kwa usalama", kasi inagawanyika mara mbili, na sasa wana mabomba mawili yanayokusanya hewa badala ya moja. Bomba moja la inchi moja linamudu lita 2,000 hivi kwa saa. Kama ndoo yako imekuambia lita 1,000, toa la pili. Bado likikusanya hewa, badilisha uweke jembamba zaidi.

Pili, kuna kiungo kinachonyonya hewa. Hili huwachanganya hata mafundi bomba wazuri, kwa sababu maisha yao yote wamezoea kutafuta tone. Sehemu ya sifoni iliyo juu ya usawa wa maji haidondoshi. Inavuta. Kiungo kinaweza kuwa kikavu, kinang'aa, hakina hata unyevu, na ndicho kinachokuangusha. Ukiwa umetengeneza U yako kwa elbo mbili na vipande vya bomba la PVC, una viungo vinne vya kushuku. Kausha kwa kitambaa, chukua mafuta ya mgando kidogo, zungushia kiungo kimoja, ngoja uangalie. Kipovu kikiendelea kukua, nenda kiungo kinachofuata. Kikiacha, umempata mwizi. Fungua, safisha, gundi upya kwa gundi ya PVC. Usizibe kwa silikoni, kwani haishiki kwenye PVC na itabanduka kama gamba.

Ndiyo maana napenda bomba la U linaloonyesha ndani. La PVC nyeupe ni rahisi, vifaa vyake viko kila duka la vifaa vya ujenzi, na nimeona yaliyodumu miaka. Lakini huoni kipovu kikikua. Ni kama kuendesha gari lisilo na geji ya mafuta.

Tatu, jiwe la hewa au mdomo wa bomba la kurudishia uko karibu na meno, unamwaga vipovu ndani ya kisanduku. Visogeze upande wa pili wa tangi. Dakika mbili, bure.

Nne, bomba la kushukia lililo kwenye kisanduku cha nje limekatwa fupi. Umeme ukikatika, maji ya visanduku vyote viwili hushuka hadi usawa wa mdomo wa bomba hilo. Miguu ya U ikiwa juu ya usawa huo, inabaki hewani na sifoni inakufa kila siku umeme unapokatika. Mdomo wa bomba la kushukia uwe juu ya miguu ya U kwa sentimita 4 au 5.

Ukishayarekebisha hayo, bado nakushauri uweke mlinzi. Toboa tundu dogo mgongoni mwa U, ingiza mpira mwembamba (ule wa dripu unafaa sana), uzibe vizuri pembeni, kisha upande wa pili uupeleke kwenye tundu la kunyonyea hewa la pampu ndogo iliyozama ndani ya tangi kuu. Pampu hiyo itanyonya kila kipovu kinachojitokeza, na umeme ukirudi itaamsha sifoni yenyewe. Iwe imezama hata maji yakiwa yameshuka hadi meno, vinginevyo hewa itarudi kwa mpira uleule. Na mpira huo huota mwani ndani. Ukiwa wa kijani, ubadilishe.

Lakini mlinzi naye hulala. Kinga yenyewe ni hesabu, na iko kwenye tangi la chini. Tuseme chumba kinachokaa pampu kina sentimita 25 kwa 35. Kila sentimita ya kimo hapo ni karibu lita 0.9. Kama pampu inaweza kunyonya sentimita 12 kabla ya kuanza kuvuta hewa, basi hata boksi life kabisa, kitakachopanda juu ni lita 10 na nusu. Tangi kuu la sentimita 120 kwa 50 linachukua lita 6 kwa kila sentimita. Lita 10 na nusu zitalipandisha chini ya sentimita 2. Ukiacha sentimita 3 kati ya maji na ukingo, pampu italia njaa, wewe utalala, jirani atalala. Mimi usiku ule sikuwa na vizuizi vya kioo vya kugawa vyumba, hivyo pampu iliweza kunywa tangi la chini lote. Vioo viwili vilivyosimama vingeniokoa na gharama ya dari ya mtu.

Umeme ukikatika, tangi la chini linafurika

Hili ni la kimo tupu, hewa haimo. Pampu ikizimika, maji yaliyo juu ya meno yanaendelea kushuka, na bomba la kurudishia nalo linageuka kuwa sifoni na kunyonya maji kurudi chini hadi mdomo wake utakapopata hewa. Kwenye tangi lile lile la lita 6 kwa sentimita, maji yakishuka sentimita 4 umeangusha lita 24. Tangi la chini la sentimita 60 kwa 35 lina lita 2.1 kwa sentimita, kwa hiyo litapanda zaidi ya sentimita 11. Je, una sentimita 11 za wazi? Wengi hawana, kwa sababu tangi la chini likiwa limejaa linapendeza.

Dawa ni kuinua mdomo wa bomba la kurudishia hadi sentimita 2 chini ya maji, si 15. Kisha toboa tundu la milimita 4 hivi kwenye bomba hilo, chini kidogo tu ya usawa wa maji. Maji yakishuka kidogo tundu linavuta hewa, mvuto unakatika. Likague kila unapobadilisha maji, maana konokono wadogo na mwani hulipenda. Wenye tangi la maji chumvi ndio waangalie zaidi, chumvi huganda pale na kuliziba taratibu bila wewe kuona.

Mafundi hupenda kuuza valvu ya njia moja kwa ajili ya kazi hii. Sina ugomvi nayo kama nyongeza, ila kipande kimoja cha mchanga au konokono kikikaa kwenye kifuniko chake haifungi tena, nawe utagundua siku umeme ukikatika. Tundu la milimita 4 halina kifuniko cha kukwama.

Na kama maji yameshuka kupita meno na bado yanaendelea, kagua kisanduku cha ndani. Kina ufa, au gundi ya chini imeachia. Maji yanaingilia chini badala ya juu, na boksi litaendelea kumwaga hadi usawa wa ufa au wa mdomo wa bomba la kushukia, chochote kilicho juu zaidi.

Maji ya tangi kuu yanapanda polepole, umeme upo

Angalia meno. Jani, konokono, samaki aliyekufa usiku. Ukiwa na samaki wa Ziwa Tanganyika wanaozaa kwa wingi, watoto wao nao watapita kwenye meno na kuishi ndani ya boksi kwa raha zao, wakila kila kinachopita. Si tatizo kwao. Tatizo ni wewe unapoamua kuziba.

Hapa niseme kwa sauti: usifunge meno kwa kipande cha chandarua. Chandarua chenye dawa ya mbu kina viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, ambavyo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Hata kile kisicho na dawa kina vitundu vidogo mno, kitajaa utelezi ndani ya siku chache na kugeuka ukuta. Tumia wavu wa plastiki wenye matundu ya milimita 5 au 6, ule wa bustani, na uukunje utokeze mbele ili eneo la kupitisha maji liwe kubwa kuliko mdomo wenyewe.

Kama meno ni safi, huenda boksi ni fupi kwa pampu yako. Hesabu inayotumiwa na wafugaji wengi ni karibu lita 100 kwa saa kwa kila sentimita ya mdomo ulio wazi. Kwa lita 1,800 unahitaji kama sentimita 18, na meno yenyewe yanakula sehemu ya huo mdomo. Likiwa fupi halitamwaga, ila maji yatapanda juu zaidi ya meno ili yapite, na ile nafasi ya ukingoni uliyoihesabu itapungua. Njia ya bei rahisi ni kubana pampu, si kununua boksi jipya. Tangi halihitaji mto Rufiji.

Kisha safisha ndani ya bomba la U. Funga kitambaa kwenye kamba, pitisha, vuta mara mbili. Utashangaa kitakachotoka.

Kelele ya choo

Ipo kelele ya kukoroma na ipo ya choo. Ya choo ina mdundo: maji ndani ya boksi yanapanda, yanapanda, halafu yananyonywa yote kwa mkupuo, kimya, yanaanza tena. Maana yake bomba la kushukia linajaa, linageuka sifoni, linameza haraka kuliko pampu inavyoleta, linavuta hewa, linaachia. Bomba haliamui liwe nini.

Tiba ya zamani na nzuri ni bomba la Durso, lililopewa jina la mbunifu wake, Richard Durso. Juu ya bomba la kushukia weka tii (kiungo cha umbo la T), ubavuni mwa tii weka elbo inayotazama chini ili maji yaingilie chini ya usawa, na juu ya tii weka kifuniko chenye tundu dogo la hewa. Anza na tundu la milimita 3. Mdundo wa choo ukiendelea, ongeza kidogo. Ukizidisha, linaanza kukoroma, kwa sababu sasa hewa ni nyingi. Nilipotengeneza la kwanza nilitoboa tundu la kalamu moja kwa moja, nikapata simba. Sasa naingiza mpira mwembamba wenye kikoki kidogo kwenye tundu na kurekebisha kwa vidole huku nikisikiliza. Robo ya mzunguko inatofautisha usingizi na kukesha.

Halafu chungulia kabatini. Ncha ya bomba la kushukia ikiwa imezama sana ndani ya tangi la chini, hewa inayoteremka na maji inashindwa kutoka, inarudi juu na kupiga kelele, na wakati wa kuwaka maji yanakataa kushuka kwa sekunde kadhaa. Sentimita 2 au 3 chini ya maji zinatosha. Badilisha pia elbo za nyuzi 90 kwa zile za 45 mbili mbili, na usiruhusu bomba lilale kwa usawa hata kwa sentimita 30. Panapolala maji, hewa nayo hulala.

Tangi kuu limejaa vipovu kama moshi

Pampu inakula hewa. Joto la Dar es Salaam linakausha maji kila siku, lakini upungufu wote unaonekana sehemu moja tu, chumba cha pampu, kwani kwingine vizuizi vinashikilia kimo. Mtu anaangalia tangi kuu, limejaa, anasema maji yapo. Fungua kabati. Ongeza maji yaliyokaa na kuondokewa na klorini, weka alama ya chini kabisa kwenye kioo cha chumba hicho. Kama maji yapo na vipovu bado vipo, ni ile hewa ya bomba la kushukia inayofika hadi kwenye pampu. Weka sponji nene kati ya vizuizi.

Boksi limebanduka au linavuja kwenye kona

Kwanza jua ni kioo au perspeksi, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo. La kioo, ambalo fundi vioo yeyote atakukatia kwa kioo cha milimita 4 au 5, linaungwa kwa silikoni na linadumu. Perspeksi unaipata kwa watengeneza mabango, vipande vya kubakia huuzwa kwa bei ya kuzungumza, na wanakukatia meno vizuri kwa mashine zao. Ila silikoni haiishiki perspeksi kwa muda mrefu. Inahitaji gundi yake ya kuyeyusha, ile nyepesi kama maji inayodondoshewa kwenye ungio. Boksi la perspeksi lililogundishwa kwa silikoni litakuhudumia miezi, halafu litakuaga.

Kwa kioo, chagua silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Zile za bafuni na jikoni nyingi zinayo, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Soma bomba lote, si jina la mbele tu. Usipake mpya juu ya ya zamani pia, haishikani nayo. Kata ya zamani yote kwa wembe, futa kwa spiriti, paka, uache siku mbili hadi harufu ya siki iishe. Najua samaki wanasubiri kwenye ndoo. Wasubiri.

Ukichoka na U

Ukifika mahali pa kujaza tangi upya, toboa. Tundu haliombi sifoni ianze, maji yanashuka kwa uzito wake, na lile tatizo la usiku wa manane linaondoka. Matangi yaliyotengenezwa na mafundi wetu kwa kawaida ni kioo cha kawaida kinachotoboleka. Ya kiwandani mara nyingi yana kitako cha kioo cha tempa, ambacho ukikigusa na kekee kinasambaratika chote kuwa punje. Kujua: tangi likiwa tupu, weka nyuma ya kioo skrini ya kompyuta iliyo nyeupe, vaa miwani ya jua ya polaroidi, zungusha kichwa taratibu. Ukiona madoa na mistari ya giza, ni tempa, achana nalo.

Bomba linapita kwenye tanki konekta, ileile ya matanki ya maji ya juu ya nyumba. Inunue kwanza, ipime, ndipo utafute kikombe cha almasi (kile cha kekee cha kutobolea kioo) cha kipimo chake. Acha kati ya tundu na ukingo wa kioo nafasi isiyopungua kipenyo cha tundu. Bandika tepu pande zote mbili, mtu amwage maji muda wote, kekee iende polepole na wewe usisukume. Kwenye kuifunga, mpira ukae upande wa kichwa, si upande wa nati, na uikaze kwa mkono kisha robo ya mzunguko. Nimeona kioo kizuri cha milimita 8 kikipasuka kwa sababu fundi alileta spana.

Ukiwa na nafasi ya matundu matatu, yatumie. Mtindo huu unajulikana kwa jina la BeanAnimal: bomba la kwanza linajaa maji tupu na linabanwa kwa getivalvu lililo chini, la pili lina hewa na linabeba kijito kidogo kinachobaki, la tatu limesimama juu kidogo, kavu, likingoja ajali. Getivalvu, si koki ya kugeuza robo, kwa sababu koki hiyo haikupi marekebisho madogo. Ukishalirekebisha husikii kitu chumbani isipokuwa feni. La tatu kwangu halijawahi kulowa ila siku nilipoziba la kwanza kwa kitambaa kwa makusudi, nikasimama na ndoo, nikaona maji yanapanda, yanaligusa, yanaingia.